Hapa pa Nani?

Malalamiko yaliletwa na muuguzi mmoja wa upande wa Kabambare, mtu asiyependa maneno mengi. Aliniandikia: "Ndugu, mlango unafunguka, vyumba viko vinakataa." Alikuwa amefungua ukurasa wa kwanza wa maktaba yetu ya mafunzo ya afya, na orodha yote ikamtokea vizuri: malaria, surua, uzazi, kipimo cha dawa kwa uzito wa mtoto. Lakini karibu kila alipogusa mstari, simu ilimjibu kwamba haioni kitu. Alidhani ni rezo, yaani mtandao. Kwetu kitu chochote kikikataa, mshitakiwa wa kwanza ni rezo, na mara nyingi hukumu huwa ya haki. Safari hii rezo haikuwa na kosa.

Niseme kwanza mimi ni nani katika habari hii. Kongo ukitaja IT, watu wa afya wanaelewa muuguzi mkuu wa kituo, kwa kifupi cha Kifaransa. Kwa hiyo nikijitambulisha kwa kazi yangu huwa naulizwa kituo changu ni kipi. Sina kituo. Natunza mashine. Shirika moja, ambalo jina lake halitatusaidia kitu, liliacha Kasongo seva ndogo inayokula umeme wa jua mchana na wa betri usiku, imejaa vitabu vya wauguzi kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Kasongo ina jina kubwa katika afya ya jamii kuliko wenyeji wengi wanavyojua. Miaka ya 1970 watu wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp walianzisha mradi hapa, na mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha walichokiona juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo. Elimu ilitoka hapa ikaenda mbali. Kuirudisha mpaka Kabambare, hapo jirani tu, ndiko kwenye kazi.

Mwanzoni seva ile ilisomwa na waliokuwa nayo nyumba moja. Baadaye ikatakiwa isomwe na walio mbali, ndipo ikawekewa proksi mbele yake: programu ya nginx, ambayo Igor Sysoev wa Urusi aliitoa kwa watu wote mwaka 2004. Proksi ya namna hii ni mlinda mlango. Mgeni anabisha, mlinda mlango anapokea swali, anaingia nalo ndani, anamwuliza mwenye nyumba, anatoka na jibu. Mgeni hamwoni mwenye nyumba maisha yake yote. Watu hulijua hilo. Wanalolisahau ni kwamba mwenye nyumba naye hamwoni mgeni. Asipoambiwa, atadhani swali ni la mlinda mlango mwenyewe, na atajibu kama anavyojibiwa mtu wa nyumbani.

Nilifungua matini ya ukurasa, ile inayofichwa nyuma ya herufi nzuri, nikakuta viungo karibu vyote vinaanza hivi: http://localhost:8080. Localhost ni jina ambalo kila kompyuta duniani inajiita yenyewe. Nambari yake ni 127.0.0.1, na haitoki nje ya mashine iliyoitamka. Kwa lugha ya watu ni kusema "hapa kwangu". Seva ya Kasongo ilisema kitabu cha malaria kiko hapa, mlango wa 8080, na ilisema kweli. Simu ya Kabambare ikalipokea neno lile lile, bila herufi kupungua, ikalitii kama lilivyo: ikatafuta hapa, yaani ndani yake yenyewe, ndani ya simu ndogo inayokaa mfukoni mwa koti jeupe. Haikukuta malaria wala mlango.

Hakuna aliyesema uongo. Seva ilisema inalolijua. Nginx alibeba alichopewa. Simu ilifuata ilichoambiwa. Muuguzi aligusa penyewe. Hata hivyo mwisho wa njia hiyo ya wakweli kuna mtu ana mtoto mwenye homa mbele yake na ukurasa mweupe mkononi. Basi uongo uliingilia wapi?

Jibu rahisi ni kwamba neno "hapa" lina kasoro, tuliache, tutumie anwani kamili. Lakini anwani kamili nazo zina udanganyifu wao. Mwaka 1996 wahandisi wa intaneti waliandika kanuni ya anwani za ndani, zile zinazoanza na 10, au na 192.168, ambazo kila nyumba inaruhusiwa kuzitumia bila kumwuliza mtu. Iko 192.168.1.1 Kindu, iko Muscat, iko Brussels, kila moja ni halali kwake, na hakuna hata moja utakayompa mtu wa nje akafika. Neno linaweza kuwa na tarakimu zote, likaonekana sahihi kabisa, na bado likawa "hapa" iliyovaa kanzu.

Kwa watu wengi jambo hili lingekuwa la fundi, likaishia kwa fundi. Kwangu halikuishia, kwa sababu nimelelewa ndani ya ugomvi unaofanana nalo. Baba yangu mdogo ni mtu wa tarika ya Kadiriya. Utotoni mwetu zikiri za usiku wa kuamkia Ijumaa zilikuwa sauti ya kawaida kama mvua juu ya bati, na jina la Abdulkadir Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 1166, lilitajwa nyumbani kama mtu wa ukoo. Kisha walirudi vijana waliosoma nje. Wakaleta vitabu vizuri, Kiarabu kizuri, na swali kali: nani amewaambia Mungu anahitaji mlinda mlango? Mwombeni mwenyewe. Kumweka mtu wa kati ni kuweka pazia mahali ambapo hapakuwa na ukuta. Baba mdogo hakuwahi kugombana nao. Alimwuliza mmoja wao, kwa upole uliomkasirisha zaidi kijana yule: "Fatiha ulifundishwa na nani, mwanangu?"

Nimesikiliza pande zote mbili miaka mingi, kila mmoja akimshinda mwenzake. Mashine ndiyo iliyonionyesha kwamba walikuwa wanauliza kama mlinda mlango awepo au asiwepo, wakati swali zito ni anafanya nini akiwa pale.

Yuko mlinda mlango anayebadilisha maneno. Fundi aliyeishika seva kabla yangu alikuwa ameacha dawa ya haraka. Nginx ina amri iitwayo sub_filter: jibu linapotoka ndani, amri hiyo hulipekua na kufuta neno fulani na kuweka jingine. Kila penye localhost, weka jina la wazi. Dawa inaonekana nzuri. Ila amri hiyo, usipoiambia vingine, hubadilisha pale pa kwanza tu katika kila ukurasa na kuacha pengine pote. Ndiyo maana mlango wa muuguzi ulifunguka na vyumba vikakataa: kiungo cha kwanza kilikuwa kimetengenezwa, vilivyobaki havikuguswa.

Ubaya mkubwa zaidi niliukuta katika ukurasa wa mwongozo wa wafanyakazi wa ofisini. Ukurasa ule hauna orodha juu; unaanza moja kwa moja na maelezo. Mwandishi wake alikuwa ameeleza kwamba intaneti ikikatika, aliye mbele ya mashine afungue localhost:8080 aendelee na kazi. Mlinda mlango akakuta neno, akalibadilisha. Maelezo yakawa yanamwambia mtu kwamba intaneti ikikatika, afungue anwani ya intaneti. Anayebadilisha maneno hajui tofauti ya anwani iliyotolewa ili ifuatwe na anwani inayozungumzwa. Analijua umbo la neno, kazi ya neno haijui.

Nilimfikiria mtoa mawaidha mmoja niliyemsikia Ramadhani moja akihimiza zaka ya fitri. Maniema ni nchi ya mchele. Ukienda sokoni Kasongo utauona kwa magunia. Akasimama akasema Mtume alitaja mchele. Nia yake ilikuwa njema. Alitaka maskini apewe kitu anachokila, na hakutaka mtu akae akisubiri tende za Madina. Lakini Mtume hakutaja mchele. Hadithi zinataja tende na shayiri, vyakula vya mji ule. Mtoa mawaidha alipitisha sub_filter juu ya hadithi. Siku kijana mwenye kitabu atakaposimama kumwonyesha kwamba neno hilo halimo, wasikilizaji hawatatilia shaka mchele peke yake. Watatilia shaka fitri nzima.

Na hakuwa na haja ya kufanya hivyo. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafii walikwisha kuandika kiungo kisichovunjika: toa pishi ya chakula kikuu cha mji wako. Hakuna jina la mji ndani yake. Sisi mafundi tunakiita kiungo husianishi. Hakisemi "nenda Madina, kisha ghala la tende", kinasema "kutoka hapo ulipo, chukua kinacholiwa". Ukikisoma Kasongo kinakupeleka kwenye mchele, ukikisoma Basra kitakupeleka kwingine, na hakuna aliyehitaji kugusa herufi. Kibla ni hivyo hivyo. Amri ni moja, lakini sisi tunaelekea kaskazini na kidogo mashariki, na mtu wa Moroko anaelekea mashariki. Mtu akitaka kuiga mwelekeo wa mwili wa mtu wa Moroko kwa uaminifu kamili, atakuwa ameipa Makka bega.

Apache, programu iliyotangulia nginx kwa miaka, ina amri iitwayo ProxyPassReverse. Amri hiyo hurekebisha anwani zilizo katika vichwa vya jibu tu, yaani bahasha, na maneno ya ukurasa haiyagusi kabisa. Mafundi vijana huiona pungufu. Mimi naiona ina adabu.

Dawa niliyoitumia inafanya kazi upande wa pili. Badala ya kubadilisha jibu linapotoka, unampa mwenye nyumba habari swali linapoingia. Mlinda mlango anaamriwa abebe vitu vitatu: jina ambalo mgeni amelitumia kuita, njia aliyojia, kama ni ya siri au ya wazi, na anwani aliyotoka. Ni mistari michache katika faili la nginx, yote ikianza na amri ile ile ya kupanga vichwa. Kisha upande wa seva unaiambia iyaamini anayoyasema mlinda mlango huyu. Basi. Seva ikijua imeitwa kwa jina gani huko nje, inaandika viungo vyote kwa jina hilo, yenyewe, kwa mkono wake, na ukurasa wa mwongozo unabaki na localhost yake pale inapostahili, kwa sababu mwandishi anajua alilokusudia.

Ndani ya fikihi wazo hili ni la kale. Shihabuddin al-Qarafi, mwanachuoni wa Kimaliki wa Misri aliyefariki mwaka 1285, aliwaonya mamufti: akikujia mtu wa nchi nyingine kutaka fatwa, usimjibu kwa desturi ya mji wako, mwulize desturi ya kwao, kisha umjibu kwa hiyo, hata kama vitabu vyako vimeandikwa vingine. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, maana ndilo nililokuwa nimetoka kuliandika kwenye faili. Mufti yuko ndani. Hawezi kukisia Kabambare. Mwalimu anayempelekea swali ndiye mwenye wajibu wa kuingia na mgeni wake kwa jina lake: huyu ni mwanamke, mume wake amekwenda kuchimba dhahabu Namoya na hajaleta habari, huyu ni mkulima, hana shamba la urithi bali la ukoo. Fatwa nyingi zinazotufikia kwa simu siku hizi zimejibiwa vizuri sana, kwa swali ambalo hakuna aliyeingia nalo.

Sasa, imani. Nilisema seva inaambiwa imwamini mlinda mlango. Hapo pana mtego, kwa sababu mgeni yeyote anaweza kuja na vichwa alivyojiandikia mwenyewe, akadai anatoka asikotoka. Kichwa kinachoitwa X-Forwarded-For ni mlolongo wa anwani. Kila proksi anayepitiwa anaongeza mwishoni anwani ya aliyemjia, bila kuthibitisha zilizotangulia. Kwa hiyo mlolongo unaweza kuanza na anwani tukufu iliyotungwa njiani. Fundi mwenye akili haanzi kuusoma mwanzoni. Anauanza mwishoni, kwa yule aliyemshikia mkono, akiuliza: huyu namjua? Na huyu aliyemtaja, namjua? Anarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka anapofika kwa asiyemjua, na hapo anaacha kuamini.

Mwanafunzi yeyote wa hadithi ataitambua kazi hiyo mara moja. Ni isnadi, mnyororo wa wapokezi. Bukhari, aliyefariki mwaka 870, hakuridhika kwamba mpokezi na mwalimu wake waliishi zama moja. Alitaka ithibiti kwamba walikutana. Kila mmoja anamshuhudia aliyemsikia yeye, basi, na mnyororo mrefu hauna nguvu kuliko mtu wake dhaifu. Silsila ya tarika imeandikwa kwa namna hiyo hiyo, na baba mdogo anaisoma kwa kichwa, kutoka kwa shehe wake kwenda juu. Nilimweleza X-Forwarded-For jioni moja nikidhani nitamshangaza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na wewe umeichelewa."

Lakini mnyororo wetu una kitu ambacho mwana wa Maniema hawezi kukipita haraka. Kwetu mtu wa kati hana historia safi. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, alikuwa na makao yake Kasongo. Mwaka 1887 alikubali kuwa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold wa Ubelgiji, huku watu wake wakiendelea kumwona kuwa ni mtu wa Sayyid wa Zanzibar. Alikuwa na jina moja mbele na jingine nyuma. Kilichopita mikononi mwake, na mwa mwanawe Sefu, na mwa Rumaliza mwenye ngome Kabambare, kilikuwa pembe za ndovu na watu waliofungwa. Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Dhanis, kamanda wa Leopold, waliingia Kasongo. Mapema 1894 Kabambare nayo ikaanguka. Na Wabelgiji hawakuja kuwa afadhali kwa aliyetakiwa kubeba. Katika msafara wa minyororo wa Tippu Tip na wenzake ndimo zilimopita herufi za Kiarabu, mchele, Kiswahili hiki ninachokiandika, na shahada. Mababu wa wengi wetu waliisikia shahada mara ya kwanza kutoka kwa mtu aliyekuwa na bunduki yake mwenyewe na watumwa wake mwenyewe. Tarika ilikuja baadaye, kutoka Tanganyika, zama za ukoloni, na serikali iliitazama kwa jicho la shaka. Armand Abel aliandika kitabu kizima juu ya Waislamu wa Maniema, kikatoka Brussels mwaka 1960, mwaka ule ule Wabelgiji walipoondoka.

Je, neno lililopita katika mkono wa namna hiyo limevunjika? Rafiki yangu mmoja Mkatoliki, wa jimbo hili hili la Kasongo, aliwahi kuniuliza hivyo bila kejeli, na akaongeza kwamba swali linamhusu na yeye, maana msalaba ulikuja nyuma ya Dhanis. Mtu wa hadithi angesema mpokezi mdhalimu haaminiwi, tupa habari yake. Sikubali moja kwa moja. Shahada haikutufikia kwa mkono mmoja, na aliyeisikia kwa mwenye bunduki aliisikia tena kwa mwalimu wa chuo asiye na kitu, na kwa mama yake. Jambo moja tu nashikilia: mkono ule lazima uandikwe kwenye mlolongo. Proksi anayeficha kwamba amepitiwa ni hatari kuliko proksi mchafu anayejulikana, kwa sababu wa pili ukimjua utapekua alichokigusa. Hapa Kasongo wako wanaotaka habari ya utumwa isitajwe msikitini, eti inaivunjia dini heshima. Wanafuta jina moja kwenye isnadi, na isnadi iliyokatwa katikati wanachuoni wana neno lake, tena si la sifa.

Kuna aya ambayo vijana humwekea baba mdogo mbele wakitaka kumaliza mazungumzo, ya 186 katika Al-Baqara. Mara nyingi katika Kurani, watu wanapomwuliza Mtume jambo, juu ya miezi, juu ya pombe, juu ya mayatima, jibu huanza kwa kumwamuru aseme. Wafasiri waliona zamani kwamba katika aya hii amri hiyo haimo. Waja wanapouliza habari za Mungu mwenyewe, jibu linakuja bila kupitia, kwamba Yuko karibu. Mlinda mlango ameondolewa katikati ya sentensi. Baba mdogo huikubali aya kwa furaha yote, kisha huuliza nani aliileta.

Mimi huiangalia kama fundi wa viungo. Kuwa karibu ni "hapa" ya pekee ninayoijua ambayo ikisomwa Kasongo ni kweli, ikisomwa Kabambare ni kweli, na msomaji anayeitii kwa kutafuta ndani yake mwenyewe, kama ilivyofanya simu ya muuguzi, hapotei. Kama ni hivyo, vijana wana haki kwamba hakuna mtu wa kumsogeza Mungu. Kinachohitaji kusogezwa ni maneno, ambayo yalisemwa mahali fulani, kwa watu fulani, juu ya tende na ngamia na miji yenye kuta, na ambayo hayafiki kwetu yenyewe. Hapo baba mdogo naye ana haki. Wanagombania mlango mmoja wakati kuna miwili. Nimewaambia hivyo, pande zote, na hakuna upande ulionishukuru.

Viungo vilitengemaa, ila si vyote. Wakati vilipokuwa vinakataa, wauguzi kadhaa walihifadhi ule ukurasa wa kwanza ndani ya simu na kurushiana kwa Bluetooth, Kabambare mpaka Salamabila. Nakala zile bado zina localhost. Anwani iliyohama ina dawa yake: unaacha mahali pa zamani alama ya 301, inayomwambia mgeni kwamba mwenyeji amehama kabisa na amehamia wapi. Kasongo yenyewe ni mji wa 301. Kasongo ya Tippu Tip ilikuwa Tongoni, na anayeitafuta hapa mjini huelekezwa huko. Kabambare, Livingstone aliyekwama kule mwaka 1870 kwa vidonda vya miguu aliiandika Bambarre, na bado inapatikana ukimwuliza mtu. Lakini kiungo cha localhost hakimwulizi mtu. Kinaanzia ndani ya simu na kuishia ndani ya simu. Swali lake halifiki mlangoni kwangu, kwa hiyo sina pa kuweka alama.

Wenye nakala hizo wanafuatwa kwa pikipiki, kituo kwa kituo, nafuta ya zamani na kuweka mpya. Muuguzi mkuu mmoja, mzee, alinikatalia. "Yako inangoja rezo," alisema. "Hii yangu iko inafunguka kila saa." Nilimwonyesha kwamba viungo vyake vyote vimekufa. Anajua. Lakini chini ya orodha ile kuna mistari michache isiyo na kiungo, dalili za hatari kwa mtoto na namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari, na hiyo ndiyo aliyokuwa akiisoma siku zote, porini, bila rezo. Nikamwachia nakala yake, na mpya nikaiweka pembeni yake.